Senti za mtandaoni: kazi ipo, hasara ni ya nani?
Mchongo wa kazi ndogondogo za mtandaoni haukosi kwenye vijiwe vya Sinza wala Mbagala: unafungua akaunti, unapanga picha, unasikiliza sauti na kuandika kilichosemwa, unajaza dodoso, dola inaingia. Zile programu zinazotaka utume hela kwanza ndipo upewe kazi tuziache. Huo ni utapeli, hauna pande mbili za kupima.

Kazi za kweli zipo. Amazon ilifungua Mechanical Turk, soko lake la kazi ndogondogo za mtandaoni, mwaka 2005, na sasa kampuni za akili mnemba zinatafuta watu wa kufundisha mashine, hata kwa Kiswahili. Kwa mwanachuo mwenye kompyuta na jioni isiyo na shughuli, hii ni hela isiyodai nauli ya mwendokasi, barua ya uzoefu wala kujuana na mkubwa fulani. Anayebeza senti hizo atuambie kwanza ni ajira ipi inayomngoja kijana huyo.

Shida ni hesabu. Utafiti uliochapishwa 2018 kuhusu wafanyakazi wa Mechanical Turk ulikuta kipato cha kati ni kama dola 2 kwa saa. Asilimia 4 tu ndio waliovuka dola 7.25, kima cha chini cha serikali kuu ya Marekani. Bei ndogo ni sehemu tu ya sababu. Muda wa kutafuta kazi haulipwi, na kazi iliyokataliwa hailipwi pia. Hapo ndipo penye dhuluma, kwa maoni yangu. Mbeba mizigo wa Kariakoo akishatua gunia anajua amdai nani, hata kama ujira ni kiduchu. Huku mtoa kazi anabonyeza kitufe cha kukataa, basi.

Aliyeko Dar anabeba na mengine: bando, umeme, mtandao wenyewe. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba Tanzania na kwa majirani. Machi mwaka huohuo Remotasks, jukwaa la kazi za kufundisha akili mnemba, ilifunga huduma zake Kenya ghafla. Na wanaokodi akaunti za watu au kujifanya wako Marekani kwa VPN, programu ya kuficha ulipo, (sitawatetea) wanaweza kufungiwa salio likiwa ndani.

Mdogo wangu akitaka kuzifanya, simzuii. Ila ahesabu saa zote, hata alizokaa akisubiri, atoe hela kila inapofika kiwango cha kutolewa, na genge lake la biashara asilifunge.