Daftari Tupu Si Ushahidi Kwamba Mtoto Hasomi

Inaniuma kila ninapomsikia mzazi wa chekechea ya Montessori, ambako mtoto hujifunza kwa kushika vifaa kabla ya kushika penseli, akisema, "Ada yote ile, mtoto kazi yake kumwaga maji!" Amefungua daftari, hakuona a e i o u wala alama ya vema, basi ameshaamua kumhamisha. Jamani, kwanza omba ruhusa ukae nyuma ya darasa nusu saa, umtazame mtoto mmoja tu.

Mtazame huyo anayemimina. Hakuanza na maji. Alianza na nafaka kavu, kutoka jagi moja dogo hadi jingine, na punje zikidondoka anaziokota mwenyewe. Akishazoea ndipo hupewa maji, na sifongo kando ya sinia. Kifundo cha mkono kinageuka polepole, jicho halibanduki kwenye mdomo wa jagi. Mkono huo unajifunza utulivu utakaouhitaji kuandika. Mtoto anayelazimishwa penseli kabla mkono haujawa tayari huishika kwa ngumi, hukandamiza mpaka karatasi ikatoboka, na mshiko huo ukishamkaa, kumwachisha ni kazi kubwa.

Au mtazame aliye kwenye kibao cha mbao chenye silinda kumi. Kila silinda ina kishikio kidogo, naye anakishika kwa vidole vitatu, vile vile vya kalamu. Akiitia moja kwenye tundu pana kuliko yenyewe, mwisho inabaki silinda isiyo na pa kuingia. Anatazama, anazitoa, anaanza upya. Maria Montessori, daktari aliyefungua darasa lake la kwanza Roma mwaka 1907, alitaka kosa lionekane kwenye kifaa chenyewe. Ndiyo maana mwalimu amenyamaza. Mzazi anamwona mvivu, kumbe kujizuia asimsaidie mtoto anayekaribia kuelewa ni sehemu ngumu kuliko zote za kazi yake!

Kinachoharibu zaidi ni masahihisho ya jioni nyumbani. Darasani mtoto anapitisha vidole viwili juu ya herufi ya karatasi ya msasa huku akitamka sauti yake: mmm. Usiku anaambiwa, "Hapana, hii inaitwa em." Sasa aunganishe em-a-em-a, "mama" itatokea wapi? Mmm-a-mmm-a inatoka yenyewe. Mtoto anakwama, lawama zinapelekwa shuleni. Muulize mwalimu wanatamkaje, utamke hivyohivyo, au acha kabisa.

Kuhusu watoto wa miaka 3 hadi 6 kuwekwa darasa moja, mdogo anaiga na mkubwa anafundisha. Hilo lisikunyime usingizi.

Nakubali, shingo upande, kwamba zipo shule zinazoficha uzembe nyuma ya jina la Montessori. Katika nchi nyingi yeyote anaweza kuliandika getini. Ila zinajulikana: vifaa vimefungiwa kabatini, au viko juu mtoto hafikii, au vipande vimepotea na kazi haiwezi kukamilika. Silinda moja ikikosekana, kibao kizima hakifundishi tena.

Kwa hiyo muulize mwalimu mambo matatu: mtoto wangu anafanyia kazi kifaa gani wiki hii, kinamwandaa kwa lipi, na kipi kinafuata? Mwenye kazi yake atafungua kumbukumbu zake akuonyeshe. Anayejibu "wanacheza tu, watajua wakikua" hajui anachofundisha, na huyo una kila haki ya kumlalamikia.