Waliosusia Mabasi Walikula Nini?

Hapa Dodoma nimelisikia mara nyingi mno, vijiweni na hata kwa watu wenye shahada zao: eti Martin Luther King, yule mchungaji mweusi wa Marekani, aliwafundisha watu weusi kupigwa na kunyamaza. Na msemaji hakawii kumalizia na Kongwa, kwamba sisi Watanzania tuliwapa wenzetu wa Afrika Kusini kambi pale na mafunzo ya bunduki, ndipo makaburu wakang'oka. Mimi nusu zote mbili za hadithi hiyo nazikataa.

Tuanze na Montgomery, Alabama, mwaka 1955. Nauli ya basi ilikuwa senti 10. Ukiwa mweusi unaingia mlango wa mbele, unalipa, unashuka, unazunguka kuingilia mlango wa nyuma. Siku nyingine dereva anaondoa gari kabla hujaufikia huo mlango, nauli yako ameshaitia ndani. Rosa Parks alipokamatwa tarehe 1 Desemba kwa kukataa kumpisha mzungu kiti, Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, alikesha akidurufu maelfu ya vipeperushi. Jumatatu mabasi yakatembea karibu matupu. Yakaendelea hivyo siku 381, King akiuongoza mgomo.

Hebu jiulize: ukiwaambia watu wa Dodoma wasipande daladala kuanzia kesho, keshokutwa mgonjwa atafikaje hospitali, na mama wa Majengo atasombaje nyanya zake? Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Madereva weusi wa teksi walianza kubeba watu kwa senti 10 ileile ya basi. Serikali ya mji ikaibuka na sheria kwamba teksi haitozi chini ya senti 45. Basi wakapanga usafiri wao, magari binafsi karibu 300, yenye vituo, zamu na watu wa kuratibu. Bima zikafutwa, wakaenda kutafuta nyingine mpaka London. Petroli inalipwa na nani?

Mmoja wa waliolipa ni mtu ambaye kwetu tungemwita mama ntilie. Georgia Gilmore alikuwa mpishi. Alipotoa ushahidi mahakamani juu ya alivyotendewa na dereva wa basi, kazi ikaota mbawa. Akageuza jiko la nyumbani kwake kuwa mgahawa. Yeye na wenzake walipika kuku, keki na pai, wakauza, hela wakaipeleka kwenye mikutano ya kanisani ikanunue petroli. Kikundi chao kilijiita Klabu Isiyotoka Popote, kwa sababu wengi walikuwa watumishi wa majumbani kwa wazungu na wangefukuzwa wakijulikana. Ukiuliza pesa imetoka wapi, unajibiwa haitoki popote, na hakuna aliyesema uongo. (Huyo mama angeendesha vikoba vizuri sana.)

Na hasira ilikuwepo tele. Tarehe 30 Januari 1956 nyumba ya King ililipuliwa kwa bomu, mkewe na mtoto mchanga wakiwa ndani. Watu walijaa uani, wengine na silaha mkononi. King aliwasihi warudi nyumbani, wakarudi, na asubuhi mabasi yakabaki matupu vilevile. Mtu akiniambia huko ni kunyamaza, namshangaa.

Kinachonikera zaidi ni pale King anapogeuzwa dawa ya kuwalaza watu. Mwenye malalamiko akiinua sauti, anaambiwa amuige King, avumilie. King yupi huyo? Aprili 1963 akiwa jela Birmingham, Alabama, aliwaandikia viongozi wa dini waliomtaka asubiri, na barua nzima ni ya kuwaeleza kwa nini hasubiri.

Sasa Kongwa. Kambi ile ilianza mwaka 1964, jirani na kituo cha reli kilichoachwa na mradi wa karanga wa Waingereza. Wapiganaji wa Afrika Kusini waliofika pale hawakuwa wameruka hatua ya amani. ANC, chama chao cha ukombozi, iliundwa 1912. Jeshi lake lilianza 1961. Katikati kuna kampeni ya 1952, watu zaidi ya 8,000 wakikamatwa kwa kuvunja makusudi sheria za ubaguzi, na wanawake wapatao 20,000 walioandamana Pretoria, makao ya serikali, Agosti 1956, wakati ule ule Montgomery bado wanatembea kwa miguu. Halafu Sharpeville, 21 Machi 1960, polisi wakaua watu 69, na ANC ikapigwa marufuku. Montgomery palikuwa na mahakama iliyo juu ya mji, na Novemba 1956 ikaamua kwamba ubaguzi ndani ya mabasi ni kinyume cha katiba. Pretoria ungemshtakia nani? Kwa hiyo sioni haki ya kumchukua King na kuwasimanga naye vijana wa Kongwa.

Lakini bunduki peke yake haikuwang'oa makaburu. Mwaka 1985 wakazi weusi wa Port Elizabeth waliacha kununua kwenye maduka ya wazungu. Biashara zilipodorora, wenye maduka wenyewe walikwenda kuwaombea viongozi wa mgomo watolewe kizuizini.

Wanafunzi wa historia pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, wana nafasi ambayo Marekani waliichelewesha kwa Gilmore. Wazee wa Kongwa wanaokumbuka kambi bado wapo, na wengi huulizwa kuhusu makamanda. Waulizwe na akina mama: nani alilima, nani alitwanga, nani aliwauzia wapiganaji mahindi, na kwa bei gani.