Kanga bila msomaji ni kitambaa tu

Huku Uingereza, kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi tarehe 11 Novemba, watu huvaa kifuani ua jekundu la karatasi liitwalo popi. Halielezi maana yake kwa maneno, lakini kila aliyekulia hapa anajua kuwa ni kumbukumbu ya askari waliokufa vitani. Lilianza kuuzwa mwaka 1921, na asili yake ni maua yaliyoota kwenye viwanja vya vita vya Flanders. Mgeni asiyejua hayo huona pambo. Na sisi tukileta kanga huku, wenyeji huona pambo vilevile. Kinachoniuma ni kwamba hata watoto wetu wameanza kuiona hivyo.

Kanga, au leso kama wengi wanavyoiita Mombasa, ina pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maandishi yaliyokaa chini ya mji, juu tu ya pindo la upande mrefu. Kipande kimoja ni takribani sentimita 150 kwa 110, na viwili ni doti. Dukani huuzwa vimeshikana. Unavitenganisha kwa mkasi, kisha unapinda na kushona ncha zilizokatwa. Fundi wa huku akipewa ashone foronya za mito ya kochi, huchukua mji kwa sababu unapendeza, na jina linaishia kwenye pipa la taka. Hapo kanga imekatwa ulimi.

Nyumbani, jina peke yake halitoshi. "Hasidi hana sababu" ikiwa imekunjwa dukani ni nguo kama nguo nyingine. Ifungwe kiunoni, maandishi yakae sawasawa nyuma, mvaaji apite taratibu mbele ya baraza la jirani waliyenuniana tangu juzi: hapo imesema. Jirani akiuliza, jibu ni jepesi, "Nimependa rangi." Aliyesema hakusema, aliyeambiwa ameambiwa, na ugomvi haukufika kwa mjumbe. Kadi za salamu za huku haziwezi hilo. Juu pana jina la anayepewa, chini pana jina la mtoaji, na katikati maneno yamenyooka. Hakuna pa kujificha.

Kisutu nacho, yaani kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, humtambulisha bibi harusi wa pwani kwa rangi na nakshi zake. Huku wamezoea kumjua bibi harusi kwa nyeupe.

Kwa hiyo ukinunua kanga ya zawadi, soma jina kwanza, rangi baadaye. Ukimpelekea mama mkwe "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake", usishangae simu isipopokelewa, hata kama wewe ulipenda maua tu. Kwa mfanyakazi mwenzako, "Wema hauozi" haina mwiba. Mweleze maana, pia mwambie nani humpa nani, na wakati gani. Mwambie aifue mara ya kwanza peke yake, kwa maji baridi yenye chumvi, maana rangi huchuja na wanga wa kiwandani unatoka. Akitaka kuitundika ukutani, jina likae chini, lisomeke. Na mtoto akiwa karibu, mpe yeye alisome kwa sauti.