Keki Iliyotoa Povu

Mtoto wa dada yangu alipokaribia kutimiza miaka 2, nilijitolea, bila ya kuombwa na mtu yeyote, kumwokea keki ya siku yake ya kuzaliwa. Dada alinitazama kwa muda, kama anavyotazamwa mtu aliyejitolea kuezua paa ili nyumba ipate hewa, kisha akanipa sharti moja tu: sukari iwe kidogo. Alikuwa amemlea mwanawe bila ya sukari ya kuongezwa tangu azaliwe, kwa ushauri ambao umo hata katika mwongozo wa lishe wa Marekani wa 2020–2025, kwamba mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 asipewe sukari hiyo kabisa, na hakutaka kazi ya miezi 24 ije ibomolewe na mjomba kwa alasiri moja.

Nilimwambia aniachie mimi. Kwa hesabu zangu, keki ni unga, siagi, mayai na sukari. Sukari kazi yake ni kutia utamu. Matunda nayo ni matamu. Basi itoke sukari, liingie tunda, na maisha yaendelee. Ninakiri kwamba hesabu hiyo niliifanya nikiwa nimekaa kitini, na mambo mengi ya jikoni huonekana mepesi kwa mtu aliyekaa kitini.

Wazo langu la kwanza lilikuwa asali. Dada alinipokonya chupa kabla sijaifungua, akanikumbusha kwamba binti yake mdogo wa miezi 9 naye angekuwepo mezani, na kwamba asali haipewi mtoto ambaye hajatimiza miezi 12, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambazo tumbo la mtoto mchanga halina nguvu ya kuzizuia na ambazo joto la kuokea keki haliziui. Akaongeza kwamba hata kwa hao wakubwa, asali ni sukari iliyobadilisha nguo tu, kwani Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, limeiweka kundi moja na sukari ya mezani, lile kundi ambalo halitakiwi kufikia asilimia 10 ya nishati ya chakula chote cha mtu. Nikarudi kwenye matunda, nikiwa nimepungua kidogo.

Maelekezo niliyokuwa nayo yalitaka unga, siagi, sukari na mayai kwa uzito unaolingana, gramu 250 kwa kila kimoja. Mimi nikaipunguza sukari hadi gramu 50 kwa mkupuo mmoja, na pengo lake nikaliziba kwa ndizi 3 za kupondwa na bakuli zima la forosadi zilizoiva hadi kuwa nyeusi. Forosadi nilizichagua kwa ajili ya rangi. Nilitaka keki ya zambarau, kwa kuwa nilikuwa nimeamini kwamba mtoto hula kwa macho kwanza, na kwamba akishavutiwa na rangi hataulizia utamu.

Niliweka siagi na zile gramu 50 za sukari katika bakuli, nikaanza kupiga. Maelekezo yalisema mchanganyiko upigwe mpaka uwe mweupe na mwepesi. Nilipiga mpaka mkono ukachoka, nikabadili mkono, na siagi ikabaki vilevile, ya njano na yenye kunata, ikinitazama. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba chembe za sukari, kwa ncha zake kali, ndizo zinazoikwaruza siagi na kuacha ndani yake vishimo vidogo vya hewa ambavyo oveni huja kuvipanua; siagi yenye sukari ya kuhesabika haina wa kuikwaruza. Na hiyo ni kazi yake moja tu. Sukari huyashika maji ili keki isikauke, huuzuia unga usikazane kama mpira, huchelewesha mayai kuganda ili keki ipate muda wa kuumuka, na huupa uso wa keki ile rangi ya kahawia inayomfanya mtu asogeze kiti. Nilikuwa nimemfukuza mtu niliyedhani ni mwimbaji tu wa nyumba ile, kumbe ndiye aliyekuwa akichota maji, akifungua madirisha na kushikilia nguzo.

Hata hivyo, baada ya mayai, unga, ndizi na forosadi kuingia, rojo lilipata zambarau ya kupendeza kiasi kwamba nilimwita dada aje aone. Alikuja, akaona, akasema, "Haya, mdogo wangu, Mungu akusaidie," kwa sauti ambayo leo ninaielewa vizuri zaidi kuliko siku ile.

Kilichobaki kilikuwa vijiko vidogo 3 vya bekingi pauda. Kabatini kulikuwa na mikebe miwili ya ukubwa mmoja, yenye unga mweupe wa aina moja, nami nikachukua uliokuwa mbele. Kwa kuwa rojo lilikuwa zito, nikaongeza kijiko cha nne kwa moyo safi. Mkebe ule haukuwa wa bekingi pauda. Ulikuwa wa bekingi soda, ambayo nguvu zake ni mara 3 au zaidi, na tofauti yao si nguvu peke yake. Bekingi pauda huja na asidi yake ndani, kama mgeni aliyekuja na chakula chake. Bekingi soda hungoja kulishwa asidi na wenyeji, na ndizi 3 na forosadi hazikuwa na chakula cha kutosha kumshibisha mgeni wa vijiko 4.

Nikakoroga. Zambarau ikageuka bluu, ile bluu ya goti lililogonga meza. Nikakoroga tena, nikidhani ni mwanga wa dirishani. Bluu ikaingia kijani. Rangi ya forosadi hutokana na anthosianini, ambayo hubadilika kwa kufuata asidi iliyopo: penye asidi nyingi huwa nyekundu, asidi ikipungua huwa zambarau, na ikikutana na kitu cha jamii ya magadi hukimbilia bluu na kijani. Mimi wakati ule sikujua neno anthosianini. Nilijua tu kwamba nilikuwa nimeshika bakuli la rangi ya kupaka mlango. Dada alipouliza kutoka sebuleni zambarau imefikia wapi, nilimjibu kwamba bado haijaiva.

Ndani ya oveni, kwa dakika 15 za kwanza, nilikuwa mtu mkubwa. Keki ilipanda kwa kasi mpaka ikavuka ukingo wa chombo, na ingawa sukari ilikuwa kidogo, uso wake ulipata rangi ya kahawia iliyokolea, kwa sababu soda ikizidi huharakisha uso kubadilika rangi. Kisha, mbele ya macho yangu, katikati pakashuka taratibu kama godoro lililokaliwa na mtu mzito asiyeonekana. Nilipochoma kijiti kilitoka kikiwa kibichi, kwa maana zote mbili za neno hilo. Nikairudisha kwa dakika 20 nyingine, nikaitoa, nikaionja. Ilikuwa na chumvichumvi, uchungu wa mbali, na ladha moja ya ajabu ambayo nilikuwa na hakika nimewahi kukutana nayo mahali fulani, lakini si mezani. Niliona hata hivyo kwamba kwa nje ilipendeza, nikaipeleka.

Pamoja na mpwa wangu, mezani walikuwa watoto 4 wa umri wake, na watoto wa umri huo hawajafundishwa adabu ya kusifu chakula kibaya. Wa kwanza alikiweka kipande chake chini, akakifunika kwa kitambaa. Wa pili alimpa wa kwanza kipande chake. Wa tatu alikiminya, kikarudi katika umbo lake. Akakiminya tena, kikarudi tena. Huyu peke yake ndiye aliyefurahi. Mwenye siku yake alikitia kinywani, akatulia, kisha akakiacha kinywa wazi mpaka kipande kikatoka chenyewe.

Mama yangu, ambaye huamini kwamba hakuna chakula kisichoweza kuokolewa, alikikata kipande kingine, akakitazama ule ukijani wake, akasema, "Mwanangu, hii inataka kitu kichachu kidogo," akakamua juu yake nusu nzima ya limau.

Asidi ambayo soda ilikuwa ikiingojea tangu asubuhi ikawa imefika. Kipande kilianza kuchemka juu ya sahani. Povu lilitoka ubavuni, likapanda, likamwagikia mezani, na pale limau lilipopita kijani kikawa zambarau, na zambarau ikawa waridi. Chumba kizima kikanyamaza. Mpwa wangu, aliyekuwa na maneno kama 50 hivi na akiyatumia kwa uangalifu mkubwa, alinyoosha kidole na kusema kwa sauti ya shahidi mbele ya hakimu:

"Sabuni."

Hapo nikaikumbuka ile ladha. Wale wengine watatu, waliokuwa wamefundishwa vyema majumbani kwao, wakanyoosha mikono ili wanawishwe.

Dada aliiondoa keki bila ya neno. Alirudi na ndizi zilizosalia na forosadi chache zilizobaki ndani ya kifuko, akazikata vipande vidogo, na watoto wakazila zote na kulamba sahani. Yalikuwa matunda yaleyale ambayo mimi niliyafanyia kazi kwa saa 3 ili yasilike.

Baada ya wiki mbili nilirudia, safari hii nikiwa nimesimama. Sukari niliiweka gramu 100, ambazo bado ni chini ya nusu ya maelekezo. Ndizi nilizichagua zenye maganda yaliyoanza kuwa meusi, kwa sababu wanga wake unakuwa umegeuka sukari. Nikaongeza kiini kimoja cha yai ili keki isikauke. Mkebe niliusoma mara tatu kwa sauti. Nilioka katika vikombe vidogo ili katikati pasichelewe kuiva, na forosadi nikazitia mwisho kabisa. Zilitoka laini, za rangi ya dhahabu zenye madoa ya zambarau, na mama yangu alikula mbili bila ya kuomba limau.

Nilimpelekea mpwa wangu ya kwake ikiwa bado ina uvuguvugu. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akanitazama kwa imani yote. Kisha akaisugua viganjani, katikati ya vidole, mpaka kwenye viwiko, bila ya kuruka mahali, akainyoosha mikono yake juu ili nimfungulie maji.