Simu ya shangazi haiingii sandukuni

Usiku wa kuamkia safari yetu ya Muscat nilivitandaza mezani vifaa vyetu vyote vyenye betri. Tulikuwa sita: mimi, mke wangu, mama na watoto watatu. Nikahesabu simu nne, vishikwambi viwili, kompyuta mpakato moja, saa mbili na pawabanki tatu, zile betri za akiba za kuchajia simu. Vitu kumi na viwili, na hapo bado sijagusa chaja na nyaya.

Nikapunguza. Watoto watatu kishikwambi kimoja kinawatosha. Watagombana kidogo, halafu watapeana zamu. Kompyuta ikabaki nyumbani, maana tulikuwa tunakwenda kutazamana na jamaa. Pawabanki nikachukua moja tu, na hili nalisimamia kwa nguvu zote.

Chaja hazikunisumbua. Oman wanatumia soketi ya pini tatu bapa kama zetu, kwa hiyo wa Unguja au Dar hahitaji adapta. Ungekuwa unakwenda Istanbul ungehitaji ya pini mbili za duara.

Pawabanki ndiyo ya kuangalia kwa makini. Mashirika ya ndege huruhusu hadi wati-saa 100, yaani kipimo cha nishati inayobebwa na betri, bila kuomba kibali. Ukiona imeandikwa mAh 20,000, yaani kiasi cha chaji inachobeba, zidisha kwa volti 3.7 kisha gawa kwa 1,000, utapata 74. Ya mAh 30,000 inafika 111, na hiyo lazima uiombee ruhusa. Iliyofutika maandishi usiibebe, kwa sababu mkaguzi hana namna ya kujua ukubwa wake. Shirika la ndege la Emirates tangu Oktoba 1, 2025 wanaruhusu moja kwa kila abiria, na humo ndegeni hairuhusiwi kuitumia wala kuichaji.

Wapo wanaoona huu ni usumbufu. Mimi naona wamechelewa. Januari 28, 2025 ndege ya Air Busan iliwaka moto uwanjani Korea Kusini kabla haijaruka. Watu wote 176 walitoka hai, na baadaye wachunguzi wakasema huenda chanzo kilikuwa pawabanki iliyokuwa kwenye kabati la juu ya viti. Betri ya lithiamu ikiharibika ndani huzalisha joto lake yenyewe, seli moja ikachoma ya pili. Ikianza kutoa moshi karibu na abiria, mhudumu ataiona na kuimwagia maji ipoe. Kule chini kwenye mizigo hakuna mtu, na gesi ya kuzimia moto huweza kuua miali lakini haipozi betri. Ndiyo maana pawabanki haishuki mzigoni hata kidogo.

Kwenda tunakuwa waangalifu. Kurudi ndiko kunakonitia hofu. Siku ya kuondoka nyumba nzima imejaa, masanduku yanafungwa kamba, na kila jamaa ana kifurushi: hiki cha fulani, hiki cha mama yake fulani. Ndani ya kanzu na mabuibui zimeviringishwa simu za zamani, kompyuta mpakato aliyoiacha mtoto wa chuo, pawabanki iliyokaa kabatini miaka. Vyote vinakwenda mzigoni kwa sababu mkoba umejaa halua. Naomba iwe kinyume chake: halua ishuke chini, betri zije mkononi, na kila kifurushi kifunguliwe mbele ya aliyekileta.

Najua si rahisi kumfungulia mtu mzima zawadi yake. Shangazi alinikabidhi simu akasema, "Mwanangu, mpelekee Bi Mkubwa wako, nzima hii, betri tu imefura kidogo."

Nilimwomba radhi kwanza. "Shangazi, iliyofura haipandi ndege, si sandukuni wala mkononi."

Alinyamaza, na mimi nikaona haya, maana alikuwa ameitunza ile simu mwaka mzima akimngoja mtu wa kuileta. Mama ndiye aliyeniokoa. Alimshika wifi yake mkono akamwambia, "Mwache, ana watoto ndani ya hiyo ndege."

Binamu akaipeleka kwa fundi, ikatolewa ile betri na kutiwa nyingine. Simu ilifika Unguja miezi michache baadaye, mfukoni mwake, na Bi Mkubwa ndiyo anayompigia shangazi kila Ijumaa.