Kukurupuka au kujipanga? Ninachoamini sasa kuhusu kupeleka watoto kwenye bustani za burudani

Kijiti cha kupimia urefu mnakijua, kile kinachosimama mlangoni kwenye rola kosta, ule mchezo wa vigari vinavyokimbia kwenye reli za kupanda na kushuka, kimechorwa mkono na mstari, kichwa kikifika kwenye mstari unapanda kisipofika hupandi. Binti yangu alikuwa na miaka 6 siku hiyo na tulikuwa tumeshakaa foleni dakika 50 juani kwa ajili ya mchezo mmoja tu aliokuwa anautaja tangu tunatoka hotelini, kule mwanzo wa foleni tulipita na kibao chao hakuna hata mmoja wetu aliyekisoma, tumefika mbele dada wa mlangoni akamwambia mpenzi hebu njoo usimame hapa. Akasimama. Akavuta shingo, nikaona kabisa visigino vimenyanyuka ndani ya raba. Zikakosekana sentimita 2. Hakulia wala nini, aligeuka akaniangalia mimi, siyo yule dada, mimi, jicho la mtoto anayeuliza mama mbona hukunambia, na mwaka umepita sasa lakini nikilikumbuka lile jicho bado moyo unaniuma.

Hiyo ndo ilikuwa safari yetu ya kukurupuka. Ijumaa usiku baba watoto alisema jamani kesho alfajiri tuondoke, tukifika tutajua hukohuko, mipango siyo matumizi, na mimi nikakubali haraka manake bado nilikuwa na kidonda cha safari iliyotangulia, ile niliyoipanga mimi.

Ile niliipanga mpaka dakika. Nilikuwa na karatasi ina masaa, saa 3 kamili tuko huku, saa 3 na dakika 40 tuko kule, chakula saa ngapi, choo saa ngapi, na simu mkononi kutwa nzima nafuatilia. Binti alikuwa na miaka 4. Kuna mahali kuna kibwawa kidogo, na pale kulikuwa na bata na vifaranga vyake vinajaribu kupanda ukingo wa saruji, vingine vimeshapanda, kimoja kinashindwa, kinateleza kinarudi majini, kinajaribu tena. Mtoto kachuchumaa, mikono kwenye magoti, hata kupumua nadhani alisahau. Mimi nikamvuta mkono. Twende mama twende, tumebuki saa 5 na robo, akawa anatembea huku shingo imegeuka nyuma, na hatukujua kama kile kifaranga kilipanda au hakikupanda. Tuliwahi mchezo wetu, ukachukua kama dakika 3 ukaisha. Leo ukimuuliza habari za safari ile mchezo haukumbuki hata kidogo, anakuuliza wewe, mama hivi yule bata mdogo alipanda?

Kwahiyo nimeonja pande zote mbili na zote zimeniachia kitu kichungu, ndo maana nikisikia wazazi wenzangu wanabishana wale wa liwalo na liwe na wale wa ratiba, naona kama wanabishania kitu ambacho hawajakigawanya vizuri. Siku ya bustani ya burudani ina sehemu mbili, kuna kabla ya geti na kuna ndani ya geti, na mimi nimefika mahali naamini kabla ya geti panga kila kitu unachoweza, ukishaingia ndani ile karatasi ikunje weka mfukoni.

Lakini kwanza niseme jambo linaloniudhi kidogo. Mara nyingi yule anayesema sisi tunaenda tu bila plani ana mtu nyuma yake aliyepanga kimyakimya. Nani kaweka nguo za kubadilisha za mtoto kwenye begi? Nani kachaji simu na pawabenki, nani kakumbuka dawa ya pumu, nani kajua mdogo akifika saa 8 mchana bila kulala basi siku imeisha? Kwenye nyumba nyingi mtu huyo ni mama, siku nyingine ni dada mkubwa au bibi, na kazi yake haionekani kwasababu ameibeba kichwani. Baba watoto siku ile hakuwa na nia mbaya, ni mtu mwema, na tulipokaa tukaongea akaniambia sikujua kama ulikuwa unabeba yote hayo. Tangu hapo tunapanga wawili, mezani, watoto wakiwepo, na hilo peke yake limenipunguzia stresi kuliko programu yoyote ya simu.

Afu kuna suala la bustani yenyewe, manake hazifanani na watu wanazungumza kama zinafanana. Copenhagen, Denmark, kuna Tivoli, imefunguliwa 1843, ipo katikati ya mji, unalipa kiingilio afu michezo unalipia kivyake, na nje kidogo ya mji huohuo kuna Bakken ambayo historia yake inaanzia 1583, pale kuingia ni bure kabisa, unalipa mchezo unaoupanda tu. Sehemu kama hizo kukurupuka ni halali yako, unaingia jioni, mtoto anapanda kimoja, mnakaa kwenye benchi mnaangalia taa, mnaondoka, hakuna anayehisi amepoteza kitu. Hata Disneyland ya California ilipofunguliwa Julai 1955 haikuwa na tiketi moja ya kila kitu, kila mchezo ulikuwa na tiketi yake, afu miezi michache baadaye vikaja vitabu vya tiketi, mchezo mkubwa unakata tiketi yake na mdogo yake, na wakaendelea hivyo mpaka 1982 ndo ikabaki tiketi moja ya siku nzima. Naona badiliko hilo linaeleza mengi kuhusu tunavyojitesa leo. Ukishalipa siku nzima kwa vichwa vinne kila dakika unayokaa kwenye benchi inakuuma kama hela inadondoka, basi unaanza kufidia, unakokota watoto toka foleni hii kwenda ile siyo kwasababu wanataka ila kwasababu umelipa.

Na bustani kubwa za sasa ukizikurupukia zinakuadhibu kweli. Chukua Walt Disney World ya Florida, ile iliyofunguliwa 1971, siku hizi ina bustani 4 zilizo mbalimbali, siyo kitu cha kuamka tu ukasema tutazunguka zote. Meza kwenye migahawa yao ya kukaa inaanza kubukiwa siku 60 kabla. Kupita foleni ya haraka nako kumebadilika mara nyingi, 1999 walileta FastPass, ilikuwa bure, unachukua karatasi kwenye mashine inakwambia rudi saa fulani, mtu yeyote aliyefika pale aliweza kuipata hata kama hakupanga lolote. 2021 ikaja ya kulipia kwenye simu, na toka Julai 2024 utaratibu ni kwamba waliolala kwenye hoteli zao wanabuki nafasi siku 7 kabla na wengine siku 3 kabla. Yaani mtu anayefika asubuhi bila plani anakuta wenzake wameshachagua kitambo. Mimi hili linanisikitisha kwa dhati, naona ule uhuru wa kuamua palepale umegeuzwa kitu cha wenye hela na wenye muda wa kukaa kwenye simu, na familia inayokuja mara moja tu maishani ndo inayokaa foleni ndefu kuliko wote. Lakini kusikitika hakubadilishi foleni. Kama unaenda sehemu ya namna hiyo jipange, tafadhali, usiwapeleke watoto kichwakichwa.

Vile vipimo vya urefu pia, hivi viko wazi kabisa kwenye tovuti za bustani zenyewe, rola kosta ya Space Mountain kule Florida ni sentimita 112, ile ya Seven Dwarfs Mine Train ni 97, unachukua futi unampima mtoto nyumbani amevaa viatu atakavyovaa, dakika 2 umemaliza. Mkae naye mapema mwambie huu bado, huu unaweza. Mtoto akiambiwa akiwa nyumbani anakubali na anachagua kingine, akiambiwa mbele ya watu baada ya foleni ni aibu na huzuni kwa pamoja. Na kama mmoja anafika mwingine hafiki, bustani nyingi kubwa zina utaratibu wa wazazi kupokezana, Disney wanauita Rider Switch, mzazi mmoja anapanda na mkubwa, mwingine anabaki na mdogo, afu wanabadilishana bila yule wa pili kuanza foleni upya. Sisi siku ile tungeujua tungeutumia, hatukuujua kwasababu hatukusoma chochote.

Sasa sapraizi. Najua wengi wanapenda ile ya kumuamsha mtoto asubuhi na kumwambia leo tunaenda, unapiga video, analia kwa furaha. Mimi nimeacha na sitarudia. Mwaka 2010 ulitoka utafiti wa Uholanzi, Jeroen Nawijn na wenzake, waliwafuatilia watu zaidi ya 1,500, wakakuta wanaoenda likizo wanawazidi furaha wasioenda kabla ya safari, wakati bado wanaisubiri. Wakisharudi tofauti kwa wengi inapotea, isipokuwa kwa wale waliosema likizo yao ilikuwa tulivu sana. Nilipousoma nilikaa kimya kidogo. Manake kumbe ukimficha mtoto safari unamnyang'anya zile wiki za kuhesabu siku, za kuchora, za kumsimulia rafiki yake shuleni, za kulala na ramani ya bustani chini ya mto. Mwanangu wa kwanza alijua safari miezi mitatu kabla na kila usiku alikuwa na swali jipya, ile nayo ilikuwa likizo, na haikuwa na foleni.

Ndani ya geti ndo nabadilika kabisa. Kuna utafiti mwingine wa 2016, Gabriela Tonietto na Selin Malkoc, wao waliangalia starehe ikishapangiwa saa kamili inavyoanza kuhisiwa kama kazi, lakini ukiipangia kijuujuu tu, kwa mfano mchana baada ya kula, ule uzito haupo. Nilijikuta naitikia kwa kichwa. Ndo bata wale. Nilikuwa nimegeuza siku ya mtoto wangu kuwa zamu ya kazi.

Kwahiyo sasa tunaingia geti likifunguliwa tu, asubuhi ile foleni bado fupi, na kila mmoja wetu ana kitu kimoja cha lazima, kimoja tu, na mzazi pia ana chake. Hivyo vinne tunavifuatilia kwa nguvu zote na kama kuna cha kubuki tumeshabuki. Mara nyingi mpaka mchana vinakuwa vimekwisha au karibu. Vikishaisha siku inakuwa ya watoto, wakitaka kurudia mchezo uleule mara tano warudie, wakitaka kukaa kwenye maji yanayoruka kutoka chini mpaka walowe walowe, jua likizidi tunarudi hotelini tunalala tunatoka tena jioni. Kule Florida kiangazi karibu kila alasiri kunapiga radi na michezo ya nje inasimamishwa, ratiba ya dakika kwa dakika inavunjika vipande hapo, lakini mwenye vitu vinne ambaye ameshavimaliza anakaa chini ya paa anacheza karata na wanawe.

Foleni zenyewe nazo zinakuwa nyepesi. David Maister, mtaalamu wa mambo ya biashara, aliandika 1985 kuhusu saikolojia ya foleni, kwamba kusubiri bila kujua ni muda gani kunahisiwa kurefu kuliko kusubiri unakojua, na kusubiri bila kitu cha kufanya kurefu kuliko ukiwa na kitu. Mtoto anatesekea hapohapo. Sisi tunamwambia ukweli, ni dakika 40, ile saa yako ikifika hapa, afu tunacheza kuhesabu watu wenye kofia nyekundu. Mtoto aliyeichagua foleni mwenyewe anasimama vizuri kuliko aliyeburuzwa.

Siwasemi vibaya wanaokurupuka wote. Mtu anayekaa karibu na bustani ana tiketi ya mwaka, huyo aende akijisikia, masaa mawili arudi, hiyo ndo raha yake na ningekuwa karibu ningefanya hivyohivyo. Wenye vichanga pia, mtoto wa mwaka mmoja na nusu hana cha lazima, dunia yote kwake ni bata. Ila familia iliyojinyima muda mrefu, inasafiri mbali, ina watoto wa umri tofauti, hao nawaomba wakae mezani kwanza.

Sisi tunaenda tena likizo ijayo. Karatasi iko kwenye friji, ina mistari minne na majina yetu, na kwenye fremu ya mlango wa jikoni kuna alama za penseli, binti anajipima kila Jumapili akiwa na raba zake, jana amevuka mstari kwa sentimita 3 na nikamwangalia visigino, vilikuwa chini. Kwenye mstari wake wa kitu cha lazima nilitegemea aandike ile rola kosta. Ameandika bata. Kaka yake akamwambia bata siyo mchezo, akamjibu nimeambiwa nichague mimi.