Pointi 14 na Mguu Mmoja

Juzi jioni nimesimama kwa muuza chipsi nasubiri zege yangu, Mwalimu akanisogezea simu usoni. Mwalimu si jina lake, ni kazi yake, anafundisha hesabu sekondari, na ndiyo maana ugomvi wetu hauishi: kila kitu yeye anakigawa. Kwenye simu aliandika namba saba: 14, 17, 22, 18, 4, 14, 9.

“Jumlisha, gawa kwa 7,” akasema. “Inakuja 14 kamili. Fainali nzima ya NBA mtu ana wastani wa pointi 14, halafu wewe bado unanipigia kelele hapa eti Haliburton nyota?”

Nilitaka kumjibu palepale, mdomo ukawa umejaa viazi vya moto. Basi najibu hapa.

Kwanza hesabu iko sawa. Nalisema hili mapema asije akanitumia sauti ya dakika nne. Fainali ya 2025 ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, Oklahoma City Thunder na Indiana Pacers, michezo 7, Tyrese Haliburton wa Pacers pointi 14 kwa mchezo. Upande wa pili Shai Gilgeous-Alexander wa Thunder ana zaidi ya 30, ana kombe, ni mchezaji bora wa fainali, mchezaji bora wa msimu na mfungaji bora wa msimu, vyote mwaka mmoja. Kabla yake waliowahi kuzoa vyote hivyo kwa mpigo ni Kareem, Jordan na Shaq. Na Shai sina ugomvi. Wanaosema anaishi kwa mitupo huru, ile ya bure baada ya kuchezewa rafu, wana kahoja kadogo, nawaachia hako hako.

Mimi nagombana na ile namba ya tano. Ile 4.

Mchezo wa 5 kwetu ulikuwa alfajiri ya Jumanne, saa tisa na nusu usiku. Wenzangu wa huku mnajua mateso ya Juni: simu umeiegemeza kwenye chupa ya chai, sauti umezima mtoto asiamke, bando linaisha kila timu inapoomba mapumziko, na saa moja asubuhi uko kwenye daladala umesimama unasinzia kama farasi. Mtu aliyekatisha usingizi wake hivyo anataka alipwe. Anataka aone kitu. Robo ya kwanza Haliburton akashika kigimbi cha kulia, akaenda vyumbani, akarudi. Kuanzia hapo akawa anautoa mpira mikononi kama unamuunguza. Mitupo 6 mchezo mzima, yote 6 ikakataa. Pointi zake 4 zote ni za mitupo huru. Jalen Williams wa Thunder yeye akapiga 40, Thunder wakashinda 120 kwa 109, wakaongoza fainali michezo 3 kwa 2.

Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp hakuna aliyemtaja Williams kwa dakika ishirini za mwanzo. Ilikuwa Haliburton tu. “Kapotea.” “Kaogopa.” “Mnamwita nyota, nyota gani inayozimika fainali?” Mmoja akaikumbusha ile kura ya siri ya wachezaji wa NBA wenyewe, iliyotoka Aprili, ambayo Haliburton alitajwa kuliko wote kuwa anasifiwa kupita uwezo wake. Kura hiyo ilikuwa imekufa zamani. Baada ya kutajwa hivyo kijana aliwafunga Bucks sekunde za mwisho, akawafunga Cavaliers sekunde za mwisho, akawasawazishia Knicks kwa ule mtupo uliodunda kwenye chuma ukaenda juu kama unatafuta nyavu za paa kabla ya kuingia, na mchezo wa 1 wa fainali akawapiga Thunder ikiwa imebaki sekunde 0.3. Pacers hawakuwahi kuongoza usiku ule isipokuwa hizo sekunde 0.3. Lakini ikifika saa kumi na mbili asubuhi baada ya mitupo 6 kukataa, nani anakumbuka?

Mwenzenu nami niliandika. Nitarudi hapo.

Ijumaa alfajiri, mchezo wa 6, Indianapolis. Wiki nzima habari ilikuwa kigimbi: kimechanika kidogo, atacheza, hachezi. Akacheza. Akaweka 14, Pacers wakashinda kwa tofauti ya pointi 17, ikawa 3 kwa 3. Mngedhani kikundi kitamwomba radhi. Thubutu! “Si mnaona? Hakuwa na kitu chochote.” Yaani akicheza vibaya ni mwoga, akicheza vizuri alikuwa anaigiza. Sasa mtu wa namna hiyo afanyeje ili aaminike kwamba anaumwa? Avunjike mbele yetu?

Ndiyo. Jumatatu saa tisa usiku tukaona.

Mchezo wa 7 alianza kama mtu aliyekopeshwa mguu mpya. Pointi tatu, pointi tatu nyingine, ya tatu. Pointi 9 na robo ya kwanza hata haijaisha. Nikasimama sebuleni na kanga ya mke wangu begani, sijui hata niliivaa saa ngapi. Zikiwa zimebaki kama dakika 5 robo iishe, akapokea mpira, akataka kumpita Shai, akakanyaga mguu wa kulia ili achomoke, na mguu ukabaki pale pale. Hakuna aliyemgusa. Akaanguka kifudifudi, mpira ukaenda zake, na kiganja kikaanza kupiga sakafu. Kupiga, kupiga, kupiga. Sauti nilikuwa nimezima lakini nakwambia niliisikia.

Kano ya kisigino. Imekatika.

Kikundi kikanyamaza. Baada ya muda Mwalimu, huyu huyu wa kugawa kwa 7, akaandika neno moja: “Dah.” Pacers wakaenda mapumziko wakiongoza 48 kwa 47, wasijulikane wanatumia nguvu gani, robo ya tatu Thunder wakawafungulia bomba, ikaisha 103 kwa 91. Asubuhi ile kila mtu alikuwa anamlilia Haliburton. Shujaa, moyo wa simba, kijana kajitoa. Watu wale wale. Simu zile zile.

Na hapa ndipo napata hasira, maana hatujaanza jana. Juni 2019 huko Toronto tulifanya hivi hivi na Kevin Durant. Aliumia kigimbi mwezi Mei wakicheza na Houston, akakaa nje mwezi mzima. Timu yake, Warriors, iko nyuma michezo 3 kwa 1 dhidi ya Raptors wa Toronto, na mitandaoni kesi ilikuwa moja: Durant anataka kweli kucheza, au anatunza mwili wake kwa ajili ya mkataba ujao? Mimi nilikuwa shabiki wa Raptors msimu ule kwa sababu ya Siakam, Mcameroon wetu, na nilifurahia kila neno la kumsuta Durant. Mchezo wa 5 akaingia. Dakika 12, pointi 11, mitupo mitatu ya mbali yote ndani. Halafu kisigino. Sehemu ya jukwaa ikashangilia. Wachezaji wa Raptors, Lowry na Serge Ibaka, mtoto wa Brazzaville, wakawa wanapunga mikono kuwaambia mashabiki wao wenyewe wanyamaze. Wachezaji wanawafundisha adabu watu waliolipa kiingilio.

Kigimbi, kelele, kurudi, kisigino. Miaka 6 baadaye mpangilio ni huo huo, na wote wawili msimu uliofuata hawakugusa mpira hata siku moja.

Najua mtaniambia ni watu wazima, wana madaktari, wana mamilioni, hakuna shabiki wa Mbagala aliyemvalisha Haliburton jezi. Sawa. Na yeye mwenyewe baada ya upasuaji alisema wazi kwamba hajutii, angerudi tena. Namwamini. Mchezo wa 7 wa fainali ningecheza hata mimi na mguu wa kuazima. Kwa hiyo sisemi tulimvunja sisi. Nasema tumejenga mizani isiyo na upande wa kushinda, halafu tunajiita wachambuzi.

Mizani yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1970, Knicks na Lakers, mchezo wa 7, Willis Reed akatoka vyumbani anachechemea, msuli wa paja umechanika, Madison Square Garden ikalipuka. Akafunga vikapu viwili vya kwanza. Vikaishia hapo, pointi 4. Mpaka leo hiyo ndiyo picha ya ushujaa katika mpira wa kikapu, na Reed akapewa uchezaji bora wa fainali. Sasa niulize: usiku ule nani alishinda mchezo? Walt Frazier. Pointi 36 na pasi za vikapu 19! Mwulize kijana yeyote kijiweni kuhusu mchezo ule, atakusimulia mguu wa Reed kana kwamba alikuwepo, Frazier hamjui.

Pointi 4 za Reed ni hadithi ya kusimuliwa wajukuu. Pointi 4 za Haliburton ni aibu. Tofauti ni kwamba timu ya Reed ilishinda. Mwalimu, hiyo igawe kwa ngapi?

Mimi hili linaniuma kwa sababu lina jina kwenye mwili wangu: goti la kushoto. Nilikuwa kidato cha tano, bonanza la mtaa, uwanja wa saruji wenye nyufa unaoweza kupanda mchicha. Nusu fainali nikaumia, goti likavimba likawa kama embe dodo. Fainali kesho yake. Nikasema sichezi. Wakaanza: “Huyo mtoto wa mama.” “Kaona wa Temeke wakubwa.” Nikacheza. Pointi 2, tukafungwa, na waliokuwa wananiita mtoto wa mama wakaniambia nimewaangusha. Usiku mama ananikanda kwa maji ya moto na chumvi, taulo linatoa moshi, akaniuliza: “Hao waliokupigia kelele, nani kakuletea hata ndimu?” Sikuwa na jibu. Hadi leo mvua ikitaka kunyesha goti linajua kabla ya mamlaka ya hali ya hewa.

Halafu Watanzania sisi ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kwenye mchezo huu wa kumpima mtu kwa namba moja. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar, akachaguliwa wa pili mwaka 2009, timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya. Wa tatu akawa Harden, wa saba Curry, na hao ndio waliokuja kuwa nyota wakubwa. Tangu hapo kila Mmarekani mwenye simu akitaka kucheka anamtaja Thabeet, na sisi tukawa tunakasirika: hamjui safari yake, hamjui alianza kushika mpira akiwa na miaka mingapi, namba hazisemi kila kitu! Mwalimu ndiye alikuwa kinara wa kumtetea. Hata huu ushabiki wake wa Thunder umeanzia hapo, Thabeet alipovaa jezi ya Oklahoma City kati ya 2012 na 2014. Kwa Thabeet namba hazisemi kila kitu. Kwa Haliburton zinasema kila kitu hadi la ziada.

Kwa shingo upande nakubali jambo moja. Hata kabla ya kigimbi, Haliburton ana ugonjwa wa kujificha. Mchezo wa 2 alifunga 17, lakini nyingi zilikuja wakati mchezo umeshaoza. Nyota anatakiwa kuutaka mpira hata siku mikono ni baridi, na yeye kuna usiku anausalimia tu na kuupitisha. Mwenye kumkosoa kwa hilo nakaa naye mezani, namwagizia na soda.

Lakini ukikosoa, toa ile 4. Au iache, uandike pembeni: mguu mmoja. Na ile 9 ya mwisho usiijumlishe kama mchezo mzima, ni dakika 7. Maana kama ni kugawa tugawe wote, Mwalimu: pointi 9 kwa dakika 7, mpe dakika 36 za mtu mzima, alikuwa njiani kuweka 46. Upuuzi, sivyo? Upuuzi mtupu. Kama wako tu.

Nilisema nitarudi kwenye nilichoandika. Leo asubuhi nimepandisha juu kwenye kikundi hadi Juni 17. Ujumbe wangu upo. Saa kumi na mbili na dakika nane, hauna hata kosa la herufi: “Pacers muuzeni huyu mtu, ana moyo wa kuku.” Chini yake kuna vidole gumba sita. Cha kwanza cha Mwalimu. Nilijaribu kuufuta, simu ikaniambia muda wa kuufutia watu wote ulishapita, naweza kuufuta kwangu peke yangu.